Joseph Fraunhofer: Yatima Aliyeufundisha Ulimwengu Kupima Kioo

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, leo tumeazimia kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa mwanajeshi, na ambaye afya yake isingemruhusu kubeba bunduki hata kama angetaka. Hata hivyo kila mmoja wetu anayeliweka jicho lake kwenye darubini ya kulengea shabaha anatumia matunda ya kazi yake, ajue au asijue.

Tuna sababu ya kumchagua yeye. Siku hizi madukani zimejaa darubini za bunduki za bei nafuu, zenye majina ambayo wengi wetu hatujapata kuyasikia. Anayekabidhiwa moja huwa na mashaka. Wapo wanaoikataa kwa kuwa jina lake ni geni, na wapo wanaoipokea kwa kuwa ganda lake linang'aa na maandishi yake ni ya dhahabu. Wote wawili wamehukumu bila kupima. Joseph Fraunhofer aliishi wakati ambapo darubini isiyotoka London ilidhaniwa kuwa takataka, naye alitengeneza zake katika kijiji kilicho chini ya milima, mbali na miji mikubwa. Tutaona alifanyaje hata watu wakalazimika kuamini.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1787 katika mji wa Straubing, nchi ya Bavaria, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kumi na moja wa fundi wa kuweka vioo madirishani. Mama yake alifariki mwaka 1797 na baba yake akamfuata mwaka uliofuata, hivyo mtoto akabaki yatima akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Walezi wake walimpeleka kwanza kwa fundi seremala wa kukereza mbao, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu mno kwa kazi ile. Ndipo akapelekwa Munich kwa bwana mmoja aitwaye Weichselberger, fundi wa vioo vya kujitazamia na mchongaji wa vioo vya mapambo. Mapatano yalikuwa kwamba atafanya kazi miaka sita bila mshahara. Kijana alitamani sana kusoma, lakini bwana wake hakupenda ajishughulishe na vitabu, na ruhusa ya kwenda kwenye shule ya siku za mapumziko ilikuwa ngumu kuipata.

Tarehe 21 Julai 1801 nyumba ya bwana yule iliporomoka ghafla. Mke wa Weichselberger alikufa palepale. Kijana Fraunhofer alifunikwa na kifusi, na kwa saa kadhaa watu walichimba kwa tahadhari wakihofu kwamba mabaki yangeanguka tena na kummaliza. Habari zilimfikia mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, ambaye alifika mwenyewe mahali pa ajali. Mtoto alipotolewa akiwa hai, mtawala alimpa sarafu kumi na nane za dhahabu. Mtu mwingine aliyevutiwa na mkasa ule ni Joseph von Utzschneider, mwanasiasa na mwenye viwanda, ambaye alimletea vitabu vya hesabu na vya elimu ya mwanga.

Wengine wangezitumia fedha zile kwa mavazi. Yeye alinunua mashine ya kusagia kioo, na zilizobaki akazitoa ili kujikomboa kutoka sehemu ya mwisho ya mkataba wake. Kisha akajaribu kujitegemea kwa kuchonga kadi za majina ya watu. Biashara hiyo haikumlipa, na ilimbidi arudi kwa bwana wake wa zamani kuomba kazi. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa wasimulizi wengi hulipita, wakatufanya tudhani kwamba tangu siku ya kifusi njia yake ilikuwa nyeupe. Haikuwa hivyo. Ilipita miaka karibu mitano kabla mlango haujafunguka.

Mlango huo ulifunguka mwaka 1806, alipoajiriwa na kiwanda cha vyombo vya kupimia kilichoanzishwa Munich miaka miwili kabla. Wenye kiwanda walikuwa watatu: Utzschneider, fundi saa aliyeitwa Liebherr, na Georg von Reichenbach. Huyu wa mwisho alikuwa afisa wa mizinga katika jeshi la Bavaria. Ninyi askari mtaelewa upesi kwa nini mtu wa mizinga aliacha zamu ya kambi akaingia katika kutengeneza darubini. Mzinga hauwezi kupiga mahali pasipojulikana palipo. Bavaria wakati ule ilikuwa ikipimwa na kuchorwa ramani, majeshi ya Napoleon yalikuwa yakipita huku na huko katika Ulaya ya kati, na kila mpimaji alihitaji chombo chenye darubini inayoonyesha alama ya mbali bila kudanganya. Lakini kioo kizuri kilitoka Uingereza, na vita vilifanya bidhaa za Uingereza ziwe adimu. Kiwanda kilikuwa na mafundi wa chuma hodari, lakini kioo hakikuwapo.

Hapa yatubidi tueleze ugonjwa wa kioo, maana asiyeujua hawezi kuona ukubwa wa kazi ya Fraunhofer, wala hawezi kuikagua darubini yake mwenyewe.

Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, kama upinde wa mvua unavyotuonyesha. Lenzi inapoupinda mwanga haizipindi rangi zote sawasawa. Buluu hupindwa zaidi, nyekundu hupindwa kidogo. Matokeo yake ni kwamba darubini yenye lenzi moja ya mbele huzungushia kila kitu ukingo wa rangi, na mtu aliye mbali huonekana kama amevikwa utando wa zambarau upande mmoja na kijani upande wa pili. Dawa ilijulikana huko London tangu karne ya kumi na nane, na John Dollond aliichukulia hataza mwaka 1758. Alikuwa akiunganisha lenzi mbili za vioo viwili tofauti, kimoja cha kawaida kiitwacho krauni, na kingine kizito kilichotiwa madini ya risasi, kiitwacho flinti. Kosa la rangi la kioo cha kwanza husahihishwa na kosa la cha pili.

Dawa ilikuwa njema, lakini kulikuwa na matatizo mawili. La kwanza ni kwamba kioo kizito kilikuwa kigumu kupikwa. Risasi iliyeyuka na kuzama chini ya chungu, na kioo kikatoka na michirizi ndani yake, kama ile inayoonekana sukari inapoyeyuka katika maji yasiyokorogwa. Kipande kisafi chenye upana wa zaidi ya sentimeta 10 kilikuwa nadra. La pili ni kwamba hakuna aliyejua kwa hakika kila kioo kinaipinda kila rangi kiasi gani. Mafundi walisaga lenzi, wakazijaribu, wakasaga tena, wakabahatisha. Darubini mbili za fundi mmoja mwenye jina kubwa zingeweza kupishana kama usiku na mchana. Jina lilikuwa moja, lakini ubora haukuwa mmoja.

Utzschneider alikuwa amenunua nyumba ya watawa iliyofungwa katika kijiji cha Benediktbeuern, kusini ya Munich, akajenga tanuru la kioo humo. Alimleta kutoka Uswisi mzee aliyeitwa Pierre-Louis Guinand, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejaribu kupika kioo cha flinti kisicho na michirizi. Siri ya Guinand ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuifanya: alikoroga kioo kikiwa kimeyeyuka, kwa fimbo ya udongo wa tanuri ambao hauyeyuki wala kukichafua. Fraunhofer alipelekwa kijijini hapo, na Guinand akaamriwa amfundishe. Mzee hakufurahi. Kutoa kazi ya maisha yake kwa kijana wa miaka ishirini na kidogo si jambo jepesi, na hatuwezi kumlaumu sana. Mwaka 1814 Guinand aliondoka akarudi kwao, na Fraunhofer akawa mshirika wa Utzschneider katika kampuni yao wawili.

Mwaka huohuo wa 1814 ndipo alipofanya jambo lililolibakiza jina lake. Kumbukeni kwamba hakuwa akitafuta siri za mbinguni. Alitaka tu kupima kioo chake. Ili ajue kioo kinaipinda rangi fulani kiasi gani, alihitaji alama isiyohama katika rangi zile, kwa sababu nyekundu inaingia katika machungwa, na machungwa katika manjano, bila mpaka. Katika mwali wa taa aliona mstari mng'avu wa rangi ya machungwa ambao ulikuwa daima mahali pamoja. Akataka kujua kama mstari huo umo pia katika mwanga wa jua. Alifunga madirisha, akaacha ufa mwembamba mmoja uingize jua, akaweka mche wa kioo wenye pande tatu mbele ya darubini ya chombo cha upimaji, akatazama. Badala ya mstari mng'avu aliona mistari myeusi isiyo na idadi, imekatiza rangi zote tangu nyekundu hadi zambarau. Mwingereza Wollaston alikuwa ameona michache mwaka 1802 akaiacha. Fraunhofer aliihesabu ipatayo 574, na ile mikubwa akaipa herufi za alfabeti ambazo wataalamu wanazitumia hadi leo.

Maana ya mistari ile hakuijua. Ilielezwa mwaka 1859 na Kirchhoff na Bunsen, kwamba kila mada ina mistari yake, na kwamba kwa njia hiyo tunaweza kutambua madini yaliyomo ndani ya jua. Yeye alitosheka na kwamba mistari haihami. Sasa alikuwa na rula. Kila kipande cha kioo kilichotoka tanurini aliweza kukipima kwa mstari huu na ule, akaandika hesabu yake kwa usahihi wa tarakimu kadhaa baada ya nukta, kisha akapiga hesabu ya lenzi kabla ya kuisaga. Chungu kibaya kilijulikana kuwa kibaya hata kama kilipikwa na fundi bora, na chungu kizuri kilijulikana kuwa kizuri hata kama kilipikwa siku ya mkosi. Kwa maoni yetu hapo ndipo utengenezaji wa darubini ulipoacha kuwa bahati ya fundi.

Hakuishia hapo. Uso wa lenzi nao aliupima kwa kuuweka juu ya kioo cha mfano na kuchunguza duara za rangi zinazojitokeza kati ya vioo viwili vinavyogusana. Duara zikiwa sawasawa, uso ni sawa. Zikipinda, pana kilima au bonde dogo ambalo kidole hakiwezi kulihisi. Aidha alijua kutenganisha kosa kubwa na kosa dogo. Kiputo kimoja au viwili ndani ya kioo huziba mwanga kidogo tu na havina madhara, ingawa mnunuzi huviona upesi na kukasirika. Michirizi, ambayo mnunuzi haioni kwa urahisi, ndiyo inayoharibu picha yote.

Basi ndugu zetu, turudi kwa muda kwenye bunduki zetu, maana hili la kiputo na michirizi linatuhusu sana. Darubini ya bei nafuu yenye jina geni huenda ikawa nzuri au mbaya, na kiwanda kimoja huweza kutengeneza bidhaa za majina mengi, nzuri na mbaya pamoja. Askari anaweza kuipima bila chombo chochote cha maabara. Kwanza ahakikishe bunduki haina risasi, kisha autazame ukingo wa paa jeusi mbele ya mbingu nyeupe. Akiona utando mpana wa zambarau au kijani, lenzi zake hazikuoanishwa. Aitazame kona ya ukuta iliyonyooka, kwanza katikati ya duara kisha pembeni. Ikipinda au kufifia sana pembeni, na hilo alitie akilini. Aitazame tena jua likiwa limezama, kwa kuwa mchana mweupe kila darubini hujifanya njema.

Lakini kioo ni nusu ya mambo. Bunduki ikiwa imeegemezwa imara na msalaba wa kulengea ukiwa juu ya shabaha ya umbali ule anaoutarajia, asogeze jicho kidogo kushoto na kulia bila kuigusa bunduki. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, basi risasi nayo itatembea kwa kadiri kichwa chake kitakavyokaa. Kisha, katika uwanja wa shabaha, apige kundi la risasi, azungushe skrubu ya juu hesabu fulani, apige. Azungushe ya pembeni hesabu ileile, apige. Arudishe ya juu, apige. Arudishe ya pembeni, apige. Matundu yanapaswa kuchora mraba, na kundi la mwisho liangukie juu ya la kwanza. Hapa ndipo darubini nyingi za bei ndogo huanguka, hata zile zenye kioo cha kupendeza, kwa sababu springi na skrubu za ndani hazionekani dukani. Mwisho apige risasi thelathini bila kugusa skrubu, aone kama kishindo cha bunduki kimeihamisha. Inayofaulu yote haya ni darubini ya kutegemewa, lolote lililoandikwa ubavuni mwake. Inayoshindwa moja irudishwe, hata ikiwa ya jina la kifalme.

Fraunhofer mwenyewe alishinda kwa njia hiyohiyo, ya kupimwa. Mwaka 1824 darubini yake kubwa ilipelekwa Dorpat, mji ambao sasa unaitwa Tartu katika nchi ya Estonia. Lenzi yake ya mbele ilikuwa na upana wa sentimeta 24, kubwa kuliko lenzi nyingine yoyote njema ya wakati ule, na mtambo wa saa uliizungusha ufuate mwendo wa nyota bila kuguswa na mkono. Mnajimu Wilhelm Struve aliitumia kuzikagua nyota zipatazo 120,000 kwa muda wa miaka miwili na kitu, akaorodhesha nyota 3,112 zilizo mbilimbili, ambazo nyingi kati yake vyombo vya zamani vilizionyesha kama moja. Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya shabaha ya Fraunhofer, na matundu yalikuwa mahali pake.

Waingereza waliona kwamba wamepitwa. Mnajimu John Herschel alifika Bavaria mwaka 1824 kumtembelea. Katika miaka hiyo Jumuiya ya Kifalme ya London iliunda kamati ya kutafuta kioo bora, na Michael Faraday, mwanasayansi mashuhuri wa umeme, alitumia miaka kadhaa tanurini bila kumfikia yule mtoto wa fundi madirisha. Kodi nzito ya kioo, ambayo Uingereza iliifuta mwaka 1845 tu, nayo iliwafunga mikono mafundi wao.

Nyumbani, heshima zilikuja taratibu. Alipopendekezwa katika Chuo cha Sayansi cha Bavaria, baadhi ya wanachama walipinga kwa kuwa hakusoma chuo kikuu. Hatuoni ajabu, hata leo wapo wanaouliza cheti kabla ya kuuliza kazi. Chuo Kikuu cha Erlangen kilimpa shahada ya heshima mwaka 1822, mwaka uliofuata akawa profesa na mtunzaji wa vyombo vya fizikia vya Chuo cha Sayansi, na mwaka 1824 mfalme, yuleyule aliyesimama juu ya kifusi mwaka 1801, akampa cheo cha ukabaila.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kumsifia. Habari za mistari yake alizichapisha wazi kwa wote, lakini namna ya kupika kioo aliificha kwa maisha yake yote. Wageni walionyeshwa lenzi wakanyimwa tanuru. Twafahamu kwamba kiwanda kililazimika kula kutokana na siri hiyo, lakini siri inayokaa katika kifua cha mtu mmoja mgonjwa iko hatarini. Na kifua chake kilikuwa kigonjwa. Alifariki kwa kifua kikuu mjini Munich tarehe 7 Juni 1826, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, bila kuoa. Yule afisa wa mizinga, Reichenbach, alikuwa amekufa wiki mbili na siku chache kabla yake, wakazikwa ubavu kwa ubavu.

Mafundi aliowaacha waliendelea kwa vipimo vyake. Chombo alichokibuni kwa ajili ya mji wa Königsberg kilifikishwa mwaka 1829, na kwa chombo hicho Friedrich Bessel alitangaza mwaka 1838 umbali wa nyota iitwayo 61 Cygni, mara ya kwanza binadamu kupima kwa hakika umbali wa nyota kutoka kwetu. Darubini nyingine ya kiwanda kilekile, iliyokuwa Berlin, ndiyo iliyomwonyesha Johann Galle sayari ya Neptune usiku wa tarehe 23 Septemba 1846.

Na ile siri ya tanuru? Mzee Guinand hakuacha kupika kioo baada ya kurudi Uswisi. Alipokufa mwaka 1824 ujuzi wake ulibaki kwa wanawe, mmoja wao akaushiriki na Mfaransa Georges Bontemps, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 Bontemps alihamia Uingereza akafanya kazi katika kiwanda cha Chance huko Birmingham. Hivyo, miaka zaidi ya ishirini baada ya Fraunhofer kuzikwa, fimbo ya udongo ya mzee yule wa Uswisi ilikuwa inakoroga kioo cha Waingereza.